Benchi la Fundi: wati 8,000 na betri ya pikipiki

Mwezi huu mmeniandikia kuhusu spika tu. Feni, pasi, friji, hakuna aliyeuliza. Nimechagua barua nne. Zilizobaki zinafanana nazo kama mapacha.

Fundi, shikamoo. Mimi ni mweka hazina wa klabu yetu ya jogging huku Temeke. Kila Jumamosi alfajiri tunakimbia watu 60 hadi 80, muziki tunaubeba kwenye guta. Spika ya zamani imekufa na tumechanga milioni moja na laki tatu. Wenzangu wamegawanyika. Kuna wanaotaka JBL Boombox 3, na kuna wanaotaka boksi la magurudumu tuliloliona Kariakoo: wati 8,000, mataa, maikrofoni mbili, laki nne na nusu tu. Mwenye duka alipolifungulia kifua kilitetemeka. Tuchukue lipi, na tutajuaje kama litadumu?

Marahaba mwanangu. Hongera kwa kuandika kabla ya kununua, maana barua nyingi hunifikia maiti ikiwa tayari mezani.

Tuanze na hizo wati 8,000, ndizo zinazowagombanisha. Maboksi mengi ya aina hiyo hubeba ndani betri ya risasi ya volti 12, 7Ah, ndugu yake ile ya pikipiki. Zidisha 12 kwa 7, unapata wati-saa 84. Hilo ndilo tangi lake la mafuta. Kama boksi lingetoa wati 8,000 kweli, tangi hilo lingekauka kwa sekunde 38. MC wa singeli angekuwa bado hajataja mtaa aliozaliwa. Na umeme ambao ungepita kwenye waya zake ni zaidi ya ampea 660, wakati fundi geti jirani yangu anaunganisha vyuma kwa ampea zisizofika 200.

Namba hizo huitwa PMPO, na zipo kwa ajili ya kupamba katoni. Wati za kweli huandikwa RMS. Ukikuta PMPO, au wati zisizo na herufi yoyote mbele yake, zichukulie kama umri wa mtu anayetafuta mchumba. Boombox 3 imeandikwa wati 180 ikichomekwa ukutani na 136 ikitumia betri. Mtu anayekutajia namba mbili, na ile ndogo akaikubali, huyo angalau unaweza kuongea naye. Isitoshe, wati si kipimo cha kelele kama mnavyodhani. Ukiziongeza maradufu sikio linapata desibeli 3 tu, tofauti ambayo mtu anayepiga soga anaweza asiitambue. Ili sauti isikike imekuwa mara mbili, wati zinatakiwa ziwe kama mara 10.

Sasa hicho kifua kilichotetemeka. Kilitetemeshwa na duka. Chumba kidogo, kuta tatu, sakafu ya zege, boksi limesukumwa kwenye kona: besi yote inarudi kukupiga wewe mteja. Ukilitoa barabarani hakuna ukuta wa kuirudisha, na kila umbali unapoongezeka maradufu desibeli 6 zinapotea.

Hapo siongei kwa kusoma. Mwaka 2016 mimi mwenyewe, na ufundi wangu wote, niliingizwa mjini. Nilinunua boksi kama hilo kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu Mbagala. Dukani vioo vya kabati vililia. Jioni, chini ya turubai, bibi harusi anaingia, boksi linatoa sauti ya debe la mahindi. Shangazi mmoja akaniuliza kama nimesahau kuwasha. Kesho yake nikalifungua. Mbele lilikuwa na twita nne, vile vispika vidogo vya sauti nyembamba, zinazong'aa kama fedha. Mbili hazikuwa na waya. Si kwamba waya zilikatika, hazikuwahi kuwekwa. Ni twita za urembo. Chini ya betri nikakuta kipande cha nondo kimegandishwa kwa gundi, ili mnunuzi akinyanyua aseme hili boksi lina kitu. Hiyo nondo ninayo hadi leo, naegeshea mlango.

Tangu hapo napima spika hivi. Namwomba muuzaji aitoe nje, iwekwe juu ya kiti, mbali na ukuta. Akikataa, nimeshapata jibu na nauli yangu haijapotea.

Cha kwanza kukiweka si wimbo. Ni mtu anaongea: taarifa ya habari, mawaidha, mahubiri, chochote kilichorekodiwa vizuri. Sauti ya binadamu tumeizoea tangu tumboni mwa mama, ndiyo maana ni vigumu kutudanganya nayo. Msomaji habari akisikika kama yumo ndani ya pipa, besi imelazimishwa. Akisikika ana mafua, sauti za kati hazipo. Herufi zake za "s" zikichoma sikio kama sindano, twita ni ya kuokoteza.

Ndipo naweka muziki, na uwe wangu. Muuzaji ana flashi yake, na nyimbo za humo zimechaguliwa kwa kazi maalumu: besi ndefu moja, waimbaji hakuna. Mimi nabeba dansi la zamani. Gitaa la besi la dansi linatembea, linapanda, linashuka, linasita. Kwenye spika nzuri unaweza kulifuata kwa mdomo noti kwa noti, na ngoma ya mguu ikawa pembeni yake, si juu yake. Kwenye boksi la mbwembwe noti zote zinageuka "bum" moja. Waya mnene kuliko zote wa gitaa hilo unapiga karibu hezi 41. Boombox 3 imeandikwa inashuka hadi hezi 40, kwa hiyo waya huo inapaswa kuusema wenyewe, sio kukuachia uubashiri.

Baada ya hapo pandisha sauti, ngazi moja moja. Spika za siku hizi zina kompyuta ndogo inayoizuia besi sauti inapokuwa kubwa, ili koni, ile karatasi inayotetemeka mbele, isije ikaruka ikachanika. Utaisikia sehemu hiyo: kuanzia hapo maneno yanakua, besi inabaki ilipo. Kwa nyingi nilizopima ni kama robo tatu ya sauti yote. Hapo ndipo spika yako inapofanyia kazi. Kilichobaki juu ni cha kuwaudhi majirani na kuwaita NEMC, watu wa mazingira. Boksi lisilo na kinga hiyo halisiti, linapitiliza moja kwa moja kwenye kukoroma, na kila linapokoroma koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, inaungua kidogo.

Mwisho tembea. Hatua 20 mbele, kisha zunguka ubavuni na nyuma. Kwenu hili ni muhimu kuliko mnavyofikiri, maana guta liko katikati ya msafara: nusu ya wakimbiaji wanaisikia kutoka mgongoni mwake. Sauti nyembamba huenda mbele kama tochi. Ukifika nyuma ya spika ukabaki na mdundo bila maneno, ujue wenzako wa mkiani watakimbia na ngoma tu. Dawa ni kuielekeza nyuma, na mbele mkimbie nyinyi wenye pumzi, ambao hamhitaji kuchochewa.

Kuhusu kudumu. Watu wanaogopa maji na kuanguka. Zinazofika kwenye benchi langu zimekufa kwa tundu la chaji na betri, kwanza hilo tundu. Mtu anachomeka gizani, kwa nguvu, waya unaning'inia, spika inaburutwa ikiwa inachajiwa, hadi solda za ndani zinaachia. Kwa hiyo dukani chomeka chaji mwenyewe. Pini ikicheza ikiwa mpya, baada ya miezi sita itakuwa inachagua pembe ya kulala. Kisha gonga ubavu wa boksi kwa kifundo cha kidole, kama unayechagua tikiti: mlio mfupi mzito ni mzuri, mlio wa galoni tupu achana nao. Piga wimbo wenye besi, weka kiganja juu ya wavu wa mbele, halafu kiondoe. Ukwaruzaji ukikatika ulipoweka mkono na kurudi ulipoutoa, wavu haujakazwa, na mtetemo wa guta utaumaliza.

Betri ndipo nitakapolitetea hilo boksi lenu kidogo. Ya risasi inachukia kuachwa tupu. Ikikaa wiki tatu bila chaji inaganda na hairudi. Ila ikifa, nyingine ya 12V unaipata kila mji na unabadilisha kwa bisibisi moja. Ya lithiamu ni nyepesi na ina nguvu zaidi, lakini ikichajiwa na kuisha mara 300 hadi 500 huanza kupungua waziwazi, na kwenye spika nyingi kuifikia ni upasuaji. Wazungu wameliona hilo: sheria ya betri ya Umoja wa Ulaya inataka kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vya kubebeka ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Baadhi ya spika zimeshaanza. JBL PartyBox Club 120, kwa mfano, betri yake unaichomoa na kuweka nyingine. Ni wati 160, ina tundu la maikrofoni, betri ya saa 12, lakini ni kilo 11 na haivumilii mvua zaidi ya matone ya kurushwa.

Zile "saa 24" za Boombox 3 nazo zisikulevye. Betri yake ni kama wati-saa 72. Gawa kwa 24, ni wati-saa 3 kila saa: sauti ya sebuleni mtoto amelala. Nyinyi mtakaoipigia Kilwa Road alfajiri hesabuni saa chache tu. Kwa mbio zenu zinatosha na chai juu.

Uamuzi wangu: chukueni Boombox. Kilo 6.7 mtu mmoja anashusha kwenye guta, vumbi na masika haviipati. Haina tundu la maikrofoni, kwa hiyo kiongozi abaki na kile kipaza sauti chake cha mkononi. Ichezeni juu ya kipande cha godoro na kamba mbili, maana kokoto za barabarani zinalegeza skrubu kuliko muziki wenyewe. Simu iwe kwenye guta, si mfukoni mwa mkimbiaji: miili ya watu 80 imejaa maji, na maji hunywa mawimbi ya bluetooth.

Lakini za bandia ni nyingi, hata waranti wanachapisha. Kabla ya kulipa, ombeni mzani wa muuza mchele jirani. Ikisoma kilo nne, mshukuruni muuza mchele na mwende zenu. Ikisoma 6.7, bado msilipe, kwa sababu ya ile nondo yangu. Fungueni programu ya JBL kwenye simu. Bandia nyingi hazitambuliwi humo. Na ukishalipa ukagundua umeuziwa feki, risiti yako ipeleke Tume ya Ushindani, kazi hiyo ni yao.

Fundi, mwanangu aliyeko Muscat ameniletea spika kubwa ya bluetooth, nzito, nzuri kwa macho. Tatizo taarabu yangu haieleweki. Ngoma inasikika mpaka kwa jirani ila mipasho siisikii, na bila maneno taarabu ni nini? Duka liko Oman, sina wa kumlalamikia. Mimi mama wa Ngamiani, Tanga.

Mama yangu, shikamoo. Usimlaumu mtoto bado.

Iko wapi hiyo spika? Nitabahatisha: chini, kwenye kona, nyuma ya kochi, imefunikwa kitambaa cha kudarizi. Kona inazidisha besi, kochi linameza maneno, na kitambaa kinamaliza kazi. Itoe, iweke juu ya meza, iachane na ukuta kama mkono mmoja, twita zikutazame masikioni ulipokaa. Kitambaa kitandike chini yake.

Pili, tafuta kitufe cha besi, mara nyingi kiko nyuma au juu, kizime. Wengi wanadhani kikizimwa spika inaharibika. Waundaji wamekiweka kwa ajili ya vijana wa disko. Maneno ya mipasho yanabebwa na sauti za kati, na makali yake, zile "s" na "f" zinazomfikia mlengwa, yako juu kabisa. Besi ikijaa inayafunika yote mawili. Ala za taarabu, kanuni na fidla, nazo zinaishi huko huko kati na juu.

La tatu ni wimbo wenyewe. Kama umetumiwa WhatsApp na dada yako, naye alitumiwa na shoga yake aliyeurekodi kutoka kwenye simu nyingine, hiyo si taarabu tena, ni uvumi wa taarabu. Spika ndogo ilikuficha, hii kubwa inakuonyesha. Mwambie mjukuu akutafutie wimbo kutoka chanzo safi, kisha sikiliza tena. Ukiona bado, nitumie picha ya nyuma ya spika.

Assalaam alaykum fundi. Natembeza watalii kwa mashua, Nungwi. Nilinunua spika iliyoandikwa IP67, haiingii maji. Ilianguka baharini mara mbili, ikaelea, nikaiokota ikiwa inaimba. Mara ya pili niliichaji jioni ile ile. Wiki ya tatu ikakataa chaji. Muuzaji anasema nimeizamisha. Si ndiyo kazi yake?

Waalaykum salaam nahodha. Una haki nusu.

Zile tarakimu zina maana. Ya kwanza, 6, ni vumbi: haliingii kabisa. Ya pili, 7, ni maji: kifaa kilizamishwa hadi mita moja kwa nusu saa kikasalimika. Ukiona IPX7, ile X inamaanisha vumbi halikupimwa, na kwako wewe mwenye mchanga wa Nungwi hiyo ni habari kubwa. Ila maji ya kipimo hicho ni baridi, yaani yasiyo na chumvi, ya bomba, yaliyotulia. Bahari haimo. Wala maji ya kurushwa kwa mpira wa bomba hayamo, hayo yana namba zake, 5 na 6.

Kilichoiua si kuzama, ni ile chaji ya jioni. Tundu lilikuwa limekauka kwa macho lakini ndani kuna chumvi yenye unyevu. Ukichomeka, umeme unapita kwenye yale maji ya chumvi kutoka pini hadi pini, na pini zinalika. Nimezifungua nyingi za pwani: spika safi, koni nzima, bodi inang'aa, ila pale kwenye tundu kuna unga wa kijani kama ukungu wa mkate, na pini moja haipo kabisa. Mpe fundi aliye karibu abadilishe tundu, na umwambie arudishe mpira wa kuzuia maji vizuri, la sivyo ile 67 umeiaga.

Ijayo ikianguka, izime. Imwagie maji baridi mengi, fungua kifuniko cha tundu, lisuuze nalo pia, kisha isimamishe tundu likitazama chini, kivulini, penye upepo. Usiiweke juani, joto linaiumiza betri. Usiizike kwenye mchele, unga wake unaingia kwenye tundu. Usichaji mpaka kesho yake jioni. Watalii watasikiliza mawimbi siku moja.

Mambo fundi! Nina Boombox 3. Nimepata pesa nataka PartyBox Stage 320 nizioanishe zipige pamoja kwenye bethidei. Itakubali? Dogo wa Mbeya.

Safi dogo. Haitakubali kwa bluetooth, japo ni ndugu wa kampuni moja. Boombox 3 inatumia PartyBoost, Stage 320 inatumia Auracast, na lugha hizo mbili hazielewani. Nunua waya wa kugawa sauti, utoke kwenye simu uingie kwenye tundu la waya la kila moja. Waya wenyewe uwe mrefu, na uupitishe ukutani, sio mlangoni pa keki.